Kikohozi cha mtoto mchanga si vumbi la Jilaal pekee

Katika Hadado na sehemu nyingine za Wajir Magharibi, mtoto mchanga akikohoa wakati wa Jilaal, kile kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, lawama ya kwanza huangukia vumbi. Lawama hiyo haikosi msingi, kwani vumbi na moshi huwasha mapafu ya mtoto. Lakini vumbi haliambukizi. Msomaji akiona watoto wakubwa wanapiga chafya, kisha baada ya siku chache yule wa wiki sita anashindwa kunyonya, atafute sababu nyingine.

Mara nyingi sababu hiyo ni virusi vinavyojulikana kwa ufupi kama RSV. Viligunduliwa mwaka 1956 nchini Marekani miongoni mwa sokwe waliokuwa na mafua, na muda mfupi baadaye vikapatikana kwa watoto wa binadamu. Kwa watu wazima wengi huleta mafua ya kawaida tu. Kwa mtoto wa miezi michache hushuka hadi kwenye vijia vidogo kabisa vya hewa ndani ya mapafu, vikavimba na kuzibwa na makamasi. Vijia hivyo ni vyembamba mno, na uvimbe kidogo tu unatosha kumkatia mtoto pumzi. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 virusi hivi viliua watoto wapatao 100,000 wa chini ya miaka mitano duniani, karibu nusu yao wakiwa hawajatimiza miezi sita. Takriban wote walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Hapa Kenya, waliofuatilia RSV kwa miaka mingi zaidi ni watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi. Huko virusi huanza kuonekana miezi ya mwisho ya mwaka, hufikia kilele karibu na Januari na Februari, kisha hupungua. Watafiti hao waliwahi pia kufuatilia familia nzima nzima, wagonjwa na wazima, ili kujua ni nani humwambukiza mtoto mchanga. Ilibainika kwamba mara nyingi maambukizi hutoka mle mle nyumbani, na anayeyaleta hasa ni kaka au dada anayekwenda shule.

Hata hivyo Hadado si Kilifi. Pwani kuna unyevu na makazi ya kudumu. Huku watu huhama na mifugo, hukusanyika visimani wakati wa ukame na hutawanyika mvua za Gu zinapofika. Kwa upande wa Kaskazini Mashariki, uchunguzi mkubwa ulifanyika katika kambi za wakimbizi za Dadaab, sambamba na Kakuma, kati ya 2007 na 2010, na RSV ilikuwa miongoni mwa virusi vilivyopatikana kwa wingi. Lakini kambi yenye msongamano nayo haiwezi kuisemea manyatta. Mfugaji hukumbuka ni msimu gani mbuzi wake hukohoa. Kwa watoto wetu, kumbukumbu ya namna hiyo inahitaji daftari la zahanati lililojazwa mwezi baada ya mwezi, na sampuli za makamasi zilizopelekwa maabara.

Umuhimu wa kalenda hiyo umeongezeka kwa sababu sasa kuna chanjo. Jaribio la kwanza la miaka ya 1960 lilikuwa balaa: watoto waliochanjwa waliugua vibaya zaidi walipopata RSV, na wawili wakafariki. Kazi ikarudi nyuma kwa miongo. Chanjo ya sasa haipewi mtoto bali mama mja mzito. Mwili wake hutengeneza kinga, nayo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Jaribio lililotangazwa mwaka 2023, lililohusisha wanawake zaidi ya 7,000 katika nchi 18, zikiwemo Gambia na Afrika Kusini, lilionyesha kwamba ugonjwa mkali ulipungua kwa asilimia 82 hivi katika miezi mitatu ya kwanza, na asilimia 69 kwa miezi sita. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itolewe kuanzia wiki ya 28 ya mimba.

Kinga ya mama haidumu. Uchunguzi wa Kilifi ulionyesha kwamba ile anayozaliwa nayo mtoto hupungua kwa nusu kila miezi miwili na nusu hivi. Kwa hiyo anayepanga kuchanja kwa msimu bila kuujua msimu wenyewe anaweza kumkinga mtoto miezi ambayo virusi havipo. Kwa maoni yangu, eneo kama hili lingefaa kupewa chanjo mwaka mzima. Kuna tatizo jingine pia: wiki ya 28 ni ipi kwa mama anayehesabu mimba kwa miezi mwandamo akiwa malishoni? Mkunga anaweza kukadiria kwa kupima tumbo, lakini ni lazima mama afike kliniki mapema, si wakati wa uchungu.

Chanjo au hakuna chanjo, zipo hatua za nyumbani. Katika zile siku arobaini za uzazi wageni ni wengi, na kila mmoja hutaka kumbusu mtoto. Mwenye mafua amtazame kwa mbali, na watoto wa shule wanawe mikono kabla ya kumbeba. Uunsi na moto wa kupikia vikae mbali na alipolala.

Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, au 50 na zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, ni dalili ya hatari. Vivyo hivyo kifua kubonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, midomo kugeuka rangi, au kukataa titi. Huyo anahitaji hospitali yenye oksijeni, na safari ya Wajir isingoje asubuhi. Dawa za kuua bakteria haziui virusi, lakini mhudumu akizitoa zisikataliwe, kwani kwa macho ni vigumu kutenganisha RSV na nimonia ya bakteria. Waliozaliwa kabla ya kutimiza miezi huweza kusitasita kupumua hata kabla kikohozi hakijaanza. Hao wapelekwe mara moja.