Amri ya Rais Iliyookoa Mugumo wa Waiyaki Way

Mnamo Oktoba 2020, ujenzi wa barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway ulikuwa umeanza. Barabara hiyo ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilikuwa mikononi mwa kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Ujenzi ulikuwa ukielekea Westlands, na huko, kando ya barabara ya Waiyaki Way, ulisimama mti mmoja wa mugumo wenye kimo cha jengo la ghorofa nne na umri uliokadiriwa kufikia miaka 100.

Mti ulikuwa njiani.

Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, ilijitetea kwamba haikukusudia kuukata. Ungeng'olewa na kupandwa kwingine. Wanaharakati wa mazingira hawakukubali maelezo hayo. Walikusanyika na mabango chini ya matawi yake, na picha zikasambaa mitandaoni.

Walikuwa na sababu. Mizizi ya mti wa umri huo hutambaa mbali sana chini ya ardhi, na hakuna mashine inayoweza kuizoa yote. Kinachobebwa ni shina na sehemu ndogo tu ya mizizi, nayo haitoshi kunywesha mti mzima. Hata ukipona, utakaa miaka mingi kabla ya kurudisha kivuli chake cha zamani.

Tena mugumo si mti wa pambo. Jakaranda, ambazo kila Oktoba huitandika Nairobi maua ya zambarau, zililetwa kutoka Amerika Kusini. Mugumo ni mwenyeji. Mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine, mbegu yake ikiwa imeangushwa na ndege, kisha huteremsha mizizi hadi ardhini. Maua yaliyo ndani ya matunda yake huchavushwa na nyigu wadogo sana wanaoishi humo, na matunda hayo hulisha ndege, popo na tumbili. Chini yake wanadamu nao hupata riziki: fundi wa viatu, mchuuzi wa matunda, abiria anayesubiri matatu saa saba mchana.

Kwa Wagikuyu, mugumo ni mahali pa sala na tambiko. Jomo Kenyatta alieleza ibada hizo katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938. Huko Thika, inasimuliwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utawala wa Waingereza ungekwisha siku mugumo fulani ungeanguka. Wakoloni wakaujengea mti huo ukuta wa kuutegemeza, lakini ukaanguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru.

Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikulia Nyeri akionywa na mamake asiokote kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Baadaye mwenye shamba aliukata ili apande chai, na kijito kilichokuwa jirani kikakauka. Mwaka 1989, Maathai huyohuyo aliongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, na mpango huo ukafa.

Kwa hiyo waliosimama chini ya mugumo wa Westlands walikuwa wakiendeleza vita vya siku nyingi. Tarehe 11 Novemba 2020 walisikilizwa. Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi wakati huo, Mohammed Badi, alitangaza kwamba Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa mwandishi wa kitabu kile cha 1938, ametoa amri mti ulindwe. Barabara ilianza kutumika Mei 2022, na mugumo ukabaki pale pale.

Ushindi huo una upungufu wake. Kando ya Waiyaki Way, Uhuru Highway na Mombasa Road, miti mingine mingi iliangushwa kwa mradi huohuo, na hiyo haikupata rais wa kuitetea. Hakuna anayekana kwamba Nairobi ilihitaji kupunguziwa msongamano. Dereva aliyewahi kukwama Mombasa Road jioni anajua hivyo. Lakini mti unaoponea amri ya mtu mmoja haujalindwa na sheria, na atakayekuja kesho anaweza kuifuta amri hiyo.

Sheria ya kutunza mazingira kwa jumla ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe eneo lenye miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi na ihimize wananchi washiriki katika kutunza mazingira. Miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na ripoti zake hutangazwa ili umma utoe maoni. Shida ni kwamba wengi wetu huzinduka msumeno ukishanguruma.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi iandike orodha ya miti mikongwe iliyo kando ya barabara zake, iitangaze, na impe kila soroveya ramani ya miti hiyo kabla hajachora mstari wa kwanza. Nawe msomaji, ukiona tangazo la tathmini ya mradi mtaani kwako, andika maoni yako kabla muda haujaisha.