Dawa ya bure, tija ya miaka ishirini

Mwaka 2001, skuli 25 za msingi za Busia, magharibi ya Kenya, zilianza kuwatoza wazazi ada ya dawa za minyoo. Ilikuwa ada ndogo: wastani wa senti 30 za Marekani kwa mtoto. Katika skuli ambako dawa iliendelea kutolewa bure, asilimia 75 ya wanafunzi waliimeza. Kwenye skuli za kulipia, waliomeza walikuwa asilimia 18 tu. Wala haikuonekana kwamba watoto wenye minyoo mingi ndio waliolipiwa zaidi. Ada iliwapunguza wote, wagonjwa kwa wazima.

Waliopima hayo hawakuwa madaktari. Walikuwa wachumi wawili, Michael Kremer na Edward Miguel. Matokeo yao yanafaa kusomwa Tunguu, hapa Unguja, ambako vyuo vikuu viwili, SUZA na Chuo Kikuu cha Zanzibar, vinawasomesha vijana watakaokuja kupanga bajeti na huduma za afya za visiwa hivi.

Kutoka darasani Kakamega

Kremer, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1964, alipomaliza shahada ya kwanza Harvard alikwenda kusomesha skuli ya sekondari eneo la Kakamega kwa mwaka mmoja. Alirudi kwao akapata shahada ya uzamivu mwaka 1992.

Mwaka uliofuata alichapisha nadharia ya tija iliyompa jina. Aliianzia kwenye chombo cha anga Challenger, kilicholipuka mwaka 1986 kwa sababu ya pete ya mpira iliyoshindwa kuziba. Hoja yake ni kwamba kazi nyingi zina hatua zinazotegemeana, na udhaifu wa hatua moja hushusha thamani ya zote. Jiko la hoteli linaweza kuwa na wapishi kumi hodari. Mmoja akishika samaki kwa mikono michafu, wageni wataharisha na sifa ya jiko zima itakwisha.

Ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, utafika kwenye mwili wa mfanyakazi. Afya yake nayo ni hatua mojawapo ya uzalishaji.

Minyoo inavyokula tija

Minyoo ya safura hujishikiza kwenye utumbo na kufyonza damu. Mtoto hupungukiwa madini ya chuma, hupauka na kuchoka upesi. Kichocho kina njia nyingine. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya anayeoga, kufua au kucheza mtoni. Mayai yake huharibu kibofu, na dalili inayojulikana na kila mzazi wa Unguja na Pemba ni mkojo wenye damu.

Huko Busia, mradi ulioanza mwaka 1998 ulihusisha skuli 75 na wanafunzi zaidi ya 30,000. Skuli ziligawanywa makundi matatu yaliyoanza kupewa dawa kwa miaka tofauti, ili zilizotangulia zilinganishwe na zilizokuwa zikisubiri. Utoro ulipungua kwa robo. Hata watoto wasiomeza dawa na wa skuli za jirani walinufaika, kwa sababu mayai ya minyoo yalipungua kwenye udongo na maji. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda.

Watafiti waliendelea kuwafuatilia hadi ukubwani. Ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba baada ya miaka 20, waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 13 kwa kila saa ya kazi.

Si wote walioridhika. Mwaka 2015 wataalamu wa magonjwa kutoka London waliurudia uchambuzi wa takwimu za Busia, wakakuta makosa ya hesabu na kutilia shaka nguvu ya baadhi ya matokeo. Mjadala haujafungwa, hasa juu ya faida kwa watoto wenye minyoo michache. Lakini hakuna anayebisha kwamba mwenye minyoo atibiwe.

Kwa nini bei ndogo huuma

Sote tunasema kinga ni bora kuliko tiba, lakini mfuko hausemi hivyo. Mtoto akiwaka homa, mzazi atakopa anunue dawa. Kidonge cha minyoo humtoa fedha leo kwa faida ya kesho isiyoonekana, na sehemu ya faida hiyo inakwenda kwa mtoto wa jirani. Kila mzazi akipiga hesabu ya nyumbani kwake tu, kinga hukosa mnunuzi.

Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walikuta jambo hilo hilo kwenye vyandarua vya wajawazito magharibi ya Kenya. Bei ilipotoka sifuri hadi senti 60 za Marekani, waliochukua walipungua kwa watu 60 kati ya kila mia. Na waliolipa hawakukitumia chandarua zaidi ya waliopewa bure. Ule usemi kwamba cha bure hakithaminiwi haukuthibitika.

Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wachumi wenzake Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa njia yao ya majaribio katika kupambana na umaskini.

Zanzibar imeshaonja

Visiwa hivi vina ushahidi wake. Dawa mseto ya malaria ilianza kutolewa bure mwaka 2003, vyandarua vikafuata mwaka 2006, na malaria ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya nusu ya wanafunzi waliopimwa Pemba walikuwa na kichocho. Leo, baada ya miaka mingi ya dawa za bure, kimebaki zaidi katika maeneo machache sugu.

Skulini, dozi ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, hupimwa kwa fimbo yenye alama. Mtoto husimama, urefu wake unasomwa, naye anahesabiwa vidonge, hahitaji mizani. Vidonge ni vikubwa na vichungu, na kwa mwenye njaa huleta kichefuchefu. Hapo ndipo wengine hukimbia.

Kwa hiyo serikali isiwe na haraka ya kurudisha ada kwenye kinga kwa jina la kuchangia gharama. Kinachopatikana dirishani kitapotea kazini. Nawe mzazi, siku ya dawa mlishe mtoto kwanza, kisha mpeleke skuli. Dawa ni bure, na faida yake ni ya mtaa mzima.