Umbo la Ardhi na Utalii wa Matembezi: Bonde la Lauterbrunnen, Uswisi

Watahiniwa wengi wakiulizwa kwa nini Uswisi huvutia watalii hutaja milima, theluji na hoteli nzuri, kisha huweka kalamu chini. Hoja hizo si makosa, lakini hazijaeleza lolote. Swali linaloanza kwa neno "eleza" hudai uonyeshe uhusiano: kuna umbo gani la ardhi, liliundwaje, na linamfaaje mtalii? Katika somo hili tutatumia bonde moja na njia zake za miguu kujifunza namna ya kuonyesha uhusiano huo.

1. Mahali bonde lilipo

Bonde la Lauterbrunnen liko kusini mwa jimbo la Bern, katika safu ya milima ya Alps. Kijiji cha Lauterbrunnen, kilicho kwenye sakafu ya bonde, kiko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Jungfrau, kilicho umbali usiofika kilomita 10 kutoka hapo, kina kimo cha mita 4,158. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 3,300 katika eneo dogo ndiyo chanzo cha karibu kila jambo utakalosoma hapa chini.

2. Jinsi bonde lilivyoundwa

Kabla ya enzi za barafu, mto ulikuwa umechimba bonde lenye umbo la herufi V. Hali ya hewa ilipokuwa baridi sana, barafuto (yaani mto wa barafu unaosogea taratibu) lilijaza bonde hilo na kulimomonyoa kwa njia mbili:

(a) Kung'oa: barafu iligandamana na miamba iliyopasuka, ikaing'oa ilipokuwa ikisogea.
(b) Kukwangua: mawe yaliyobebwa na barafu yalisugua sakafu na kuta za bonde kama msasa.

Matokeo yake ni bonde lenye umbo la herufi U: sakafu pana iliyo karibu tambarare na kuta zilizosimama wima kwa mamia ya mita.

Mabarafuto madogo ya pembeni hayakuwa na uzito wa kuchimba kina hicho. Barafu ilipoyeyuka, mabonde yao yalibaki yakining'inia juu ya bonde kuu. Vijito vinavyotoka humo havina pa kupita ila kuanguka. Maporomoko ya Staubbach, karibu na kijiji, huanguka takriban mita 300. Maporomoko ya Trümmelbach hupita ndani ya mwamba wenyewe, yakiteremsha maji ya barafu ya milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau.

Juu ya kuta hizo kuna sehemu zenye mteremko wa wastani, mithili ya mabega. Vijiji vya Mürren (takriban mita 1,640) na Wengen (takriban mita 1,270) vimejengwa hapo.

3. Ngazi tatu za njia za miguu

Njia za bonde hili hufuata maumbo matatu tuliyoyataja.

(a) Sakafu ya bonde. Njia ya kutoka Lauterbrunnen hadi Stechelberg hufuata mto Weisse Lütschine. Kwa kuwa barafu ilisawazisha sakafu, wazee na watoto huweza kuitembea bila shida, huku wakitazama maporomoko pande zote mbili.

(b) Mabega ya bonde. Ukuta wa mwamba ni mkali mno kwa watembeaji wengi, hivyo hupandishwa kwa treni au kwa magari ya kebo yanayoning'inia kwenye nyaya. Reli ya meno ya kupitia Wengen ilianza kazi mwaka 1893. Wakishafika juu, hutembea kwa utulivu. Njia ya Grütschalp hadi Mürren, kwa mfano, haina mpando mkubwa, lakini humwonyesha mtalii Eiger, Mönch na Jungfrau kwa mstari mmoja.

(c) Juu ya mpaka wa miti. Hapa kuna nyasi fupi, mawe na baridi. Njia zinazopanda Kleine Scheidegg (mita 2,061) na Schilthorn (mita 2,970) hudai pumzi, viatu imara na hali nzuri ya hewa. Theluji huweza kubaki kwenye sehemu za juu hadi Juni.

Zingatia: nyingi za njia hizi hazikuanzishwa kwa ajili ya watalii. Wafugaji hupandisha ng'ombe kwenye malisho ya juu wakati wa kiangazi na kuwateremsha majira ya vuli. Maziwa hugeuzwa jibini hukohuko juu, kwa sababu jibini haliharibiki upesi na ni jepesi kuteremshwa. Utalii ulizikuta njia, ukazitumia.

4. Alama na usalama

Mwaka 1979 wananchi wa Uswisi walipiga kura kuingiza njia za miguu katika katiba yao. Leo alama ni zilezile nchi nzima:

Njano: njia ya kawaida, isiyohitaji ujuzi maalumu.
Nyeupe, nyekundu, nyeupe: njia ya mlimani, yenye sehemu kali na nyembamba.
Nyeupe, buluu, nyeupe: njia ya juu kabisa, ambayo huweza kupita kwenye miamba au barafu.

Vibao huonyesha muda wa kutembea badala ya kilomita. Sababu ni ya kijiografia. Kilomita 2 kwenye sakafu ya bonde huchukua kama nusu saa, lakini umbali huohuo kwenye ramani huweza kuchukua zaidi ya saa moja ukipanda ukuta. Mgeni anayehesabu umbali na kusahau mwinuko huweza kukutwa na giza njiani. Kumbuka jambo hili unapojibu maswali ya kusoma ramani: hesabu kontua kabla ya kusema njia ni fupi.

5. Changamoto

Kuta zilizo wima huangusha mawe, na majira ya baridi huleta maporomoko ya theluji. Njia nyingi za juu hufungwa, hivyo mapato ya matembezi hutegemea msimu. Joto linaloongezeka duniani linapunguza mabarafuto na kulegeza miamba iliyokuwa imeshikwa na barafu. Sakafu ya bonde nayo ni nyembamba: barabara, reli, malisho na nyumba za wageni hugombea nafasi ileile, na wageni wakizidi wenyeji huumia. Mojawapo ya hatua zilizochukuliwa ni kutoruhusu watalii kufika Mürren na Wengen kwa magari yao. Aidha, eneo la Jungfrau na Aletsch liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

6. Mfano wa kujibu

Swali: Eleza jinsi mmomonyoko wa barafu unavyochangia utalii katika bonde ulilosoma.

Jibu dhaifu: "Kuna maporomoko ya maji."

Jibu bora: "Barafuto kuu lilichimba kina kirefu kuliko yale ya pembeni, hivyo mabonde madogo yakabaki yakining'inia. Vijito vyake huanguka kama maporomoko, mfano Staubbach, ambayo watalii huja kuyatazama."

Jibu la pili lina kisababishi, umbo, mfano na faida. Fuata mpangilio huo hata unapoeleza Bonde la Teleki katika Mlima Kenya, ambalo pia lilichongwa na barafu.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha bonde lenye umbo la V na lenye umbo la U.
2. Eleza kwa nini vibao vya njia nchini Uswisi huonyesha muda badala ya umbali.
3. "Utalii ulizikuta njia, ukazitumia." Fafanua kauli hii kwa kurejelea ufugaji.
4. Jadili changamoto tatu za utalii katika Bonde la Lauterbrunnen na upendekeze suluhisho la kila moja.