Wewe unayetaka udaktari, soma mwili kwa "kwa nini"

Kila mwaka muhula wa tatu unapofika, katika chumba changu hapa Kisumu hufika wagonjwa wasio na malaria wala homa ya matumbo. Hao ni watahiniwa wa kidato cha nne. Mmoja aliletwa na mamake kutoka Manyatta. "Daktari, mtoto huyu halali," mama akasema. "Anasema lazima awe daktari."

Mikono ya kijana ilikuwa ikitetemeka na moyo ulipiga mara 104 kwa dakika. Kila usiku alikunywa vikombe vitano vya kahawa na kukariri kitabu cha bayolojia hadi alfajiri. Nilimwuliza swali moja tu: "Kwa nini mgonjwa wa kipindupindu hupewa chumvi na sukari pamoja?" Akanitajia maana ya osmosisi kwa Kiingereza, neno kwa neno. Kisha akanyamaza.

Kijana huyu hakuwa mvivu. Alikuwa amesoma sana, lakini alikuwa amesoma maneno.

MTIHANI WENYEWE

Nchini Kenya nafasi za udaktari zinazotolewa na serikali hugawanywa kwa kufuata alama za KCSE, mtihani ulioanza mwaka 1989. Nafasi hizo ni pamoja na zile za Chuo Kikuu cha Maseno, ambacho shule yake ya udaktari iko hapa Kisumu. Bayolojia ina karatasi tatu, na sehemu kubwa huhusu jinsi mwili unavyofanya kazi: usagaji wa chakula, mzunguko wa damu, upumuaji, kazi ya figo. Somo hilo hilo humngoja mwanafunzi chuoni, tena kwa kina zaidi. Aliyekariri tu atalianza upya.

SIRI YA CHUMVI NA SUKARI

Turudi kwenye swali langu. Kipindupindu kilifika Kenya mwaka 1971, na sisi wa kando ya ziwa tunakifahamu vyema. Kijidudu chake hukaa katika utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo huzifanya seli za utumbo zimwage chumvi ndani ya utumbo, na maji huifuata chumvi. Hiyo ndiyo osmosisi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa.

Ukimpa maji matupu, mengi hupita tu. Lakini ukuta wa utumbo una mlango mwingine ambao sumu hiyo haiufungi. Mlango huo hupitisha sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, ikiwa tu imeandamana na glukosi. Mtaalamu Robert Crane alieleza jambo hili mjini Prague mwaka 1960. Viwili hivyo vikiingia, maji huvifuata kurudi mwilini. Kwa hiyo sukari ile haiwekwi kwa ajili ya utamu, ni ufunguo. Ndiyo maana dawa ya ORS inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 ina sodiamu na glukosi kwa kipimo sawa, milimoli 75 kila moja katika lita. Soda nayo ina sukari nyingi mno. Huvuta maji kuyaingiza utumboni na kuzidisha kuhara.

Mwaka 1971 Dkt. Dilip Mahalanabis aliitumia maarifa haya kambini Bangaon, India, kwa wakimbizi waliougua kipindupindu. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4.

Sasa endelea kuuliza. Kwa nini mgonjwa huyo hukojoa kidogo? Kwa sababu ubongo umetoa homoni inayoziamuru figo zibakize maji. Kwa nini mapigo yake ni ya kasi? Kwa sababu damu imepungua, na moyo unajitahidi kutunza msukumo wake. Ugonjwa mmoja umekufunza sura tatu za kitabu.

JINSI YA KUSOMA

Kwanza, kila unaposoma jambo, uliza "kwa nini?" na "kisha nini?" Usifungue ukurasa mwingine kabla hujajibu.

Pili, tumia mwili wako. Hesabu mapigo ukiwa umetulia. Moyo ukipiga mara 70, na kila pigo likitoa mililita 70, ni karibu lita 5 kwa dakika, takriban damu yote ya mtu mzima. Sasa panda mlima wa Riat, hesabu tena, kisha ueleze tofauti.

Tatu, funga kitabu umweleze nyanya au mdogo wako kwa Kiswahili au Dholuo. Mtihani ni wa Kiingereza, ni kweli. Lakini kama huwezi kulieleza jambo ila kwa Kiingereza cha kitabu, bado hujalielewa. Ukishaeleweka, ndipo uandike jibu kwa Kiingereza.

Nne, lala. Ubongo huyahifadhi mliyosoma mchana wakati wa usingizi, na kijana wa umri huo huhitaji saa 8 hadi 10. Kahawa ya usiku si msaada: saa 5 hivi baadaye, karibu nusu ya kafeini yake ingali mwilini.

KWA WAZAZI

Msiwatishe watoto kwamba wakikosa udaktari maisha yamekwisha. Wauguzi, maafisa wa kliniki na wataalamu wa maabara pia huokoa maisha, na wote huusoma mwili huu huu.

Yule kijana aliacha kahawa. Wiki mbili baadaye alirudi na mamake, mapigo yakiwa 76. Kabla sijamwuliza chochote, mama alianza: "Daktari, amenieleza ule mlango wa utumbo. Mwaka juzi mdogo wake alipohara nilikuwa nikimpa soda, nikidhani namtia nguvu."

Jibu la namna hiyo halipewi alama na KCSE. Mimi ningempa zote. Nawe mzazi, mtoto akihara majimaji mfululizo, mwanzishie ORS mara moja na umwahishe hospitali.