Linux na Hitilafu Zake (3): Kabla ya Kuzima na Kuwasha

Tengeru ina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, kwa hiyo kompyuta za Linux si jambo geni huku. Dawa ya kila ugonjwa wake, hata hivyo, imebaki ileile: zima, washa. Mimi nasema dawa hiyo huua dalili kabla ugonjwa haujajulikana. Mtandao ukigoma, swali la kwanza ni umegomea wapi. Amri ya ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, inatosha kujibu. Anza na ruta ya ukutani. Ikiitika, jaribu anwani ya mbali kwa namba, tuseme 8.8.8.8, kisha jaribu jina la tovuti. Namba ikiitika na jina likagoma, njia ni nzima. Mbovu ni huduma ya kutafsiri majina, nayo mara nyingi iko nje ya mashine yako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kuzima ruta hapa Tengeru kulikuwa sawa na kumpa mwenye jino bovu dawa ya minyoo.

Kuganda nako kuna ngazi zake. Bonyeza Caps Lock: taa yake ikiitika, kiini cha mfumo kiko hai (isipoitika, usitangaze msiba bado). Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukipata ukurasa mweusi wa maandishi, ingia kisha andika free -h. Mara nyingi utakuta RAM imejaa na mfumo unahamishia mizigo kwenye diski, ambayo ni nzito mno kwa kazi hiyo. Mashine haijafa, imeelemewa.

Atakuja mtu aseme: nikizima na kuwasha, inapona. Kweli, kwa kuwa RAM imemwagwa. Programu iliyoijaza ukiifungua tena, mtarudi palepale. Mwingine atasema kumbukumbu za mfumo hubaki, na amri ya journalctl -b -1 huzionyesha. Nakubali, pale mfumo uliporuhusiwa kuzihifadhi. Lakini mashine iliyokatwa umeme ghafla huenda isiwahi kuandika sekunde zake za mwisho, na ndizo tunazozitaka. Wa tatu ana tasnifu ya kukabidhi kesho, hana muda. Ping tatu hazimalizi dakika moja.

Basi msomaji, ikiganda tena wiki hii, andika saa kwenye karatasi kabla hujagusa kitufe. Toleo lijalo tutaisaka saa hiyo ndani ya journalctl.