Kasha la Bibi na Shahada ya Uzamili: Nani Atazisoma Karatasi Zetu?

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alinipigia simu kutoka Mombasa. Kuna mtu amekuja nyumbani, akafunguliwa kasha la marehemu bibi, na sasa anataka kuzinunua zile karatasi zilizomo. Bei aliyoitaja ingetosha kuezeka paa upya, na paa lilikuwa linavuja. "Wewe ndiwe mwalimu wa Kiswahili," shangazi akaniambia. "Hebu njoo utwambie, zina nini?"

Nikenda. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni. Hati ni ya Kiarabu, lugha ni Kiswahili: utendi. Mimi, mwenye shahada ya kwanza ya Kiswahili na niliyesomesha sekondari miaka kumi na mitano, sikuweza kusoma ubeti mmoja ukatimia. Herufi nazijua tangu chuoni, lakini maneno hayakunijia. Nikitamka kipande cha mstari, shangazi aliumalizia kwa kichwa, kwani alikuwa akiusikia kwa mamake tangu utotoni.

Nilimwomba asiuze. Mwaka uliofuata nikaomba nafasi ya shahada ya uzamili, na umri wangu umeshapita arubaini.

Tangu hapo naulizwa swali moja barazani: "Kiswahili si tunakizungumza? Unasomea nini tena?" Makala haya ni jawabu langu, hasa kwa wazazi ambao vijana wao wana digrii ya kwanza na hawajui waelekee wapi.

Kwanza, nieleze masomo yenyewe. Shahada ya uzamili hapa Kenya kwa kawaida ni miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa darasani: isimu, yaani elimu ya muundo wa lugha, nadharia za fasihi, lahaja, tafsiri, ushairi na mbinu za utafiti. Mwaka wa pili ni wa tasnifu. Unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea mbele ya walimu, unaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI, unakwenda nyanjani, kisha unarudi kuandika. Uzamifu kwa kawaida ni miaka mitatu kwenda mbele, na kazi yake kubwa ni tasnifu ndefu inayoleta jambo ambalo halijulikani. Vyuo vikuu vingi huitisha shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini asikate tamaa, huenda akakubaliwa akiwa na uzoefu wa kazi. Aulize idara husika.

Pili, kwa nini ilinishinda kusoma karatasi za nyumbani kwetu? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni hati. Herufi za Kiarabu hazikuundwa kwa sauti za Kiswahili. Katika maandishi ya kale, herufi moja ya "ba" huweza kuwa b, p au mb, na "fa" huweza kuwa f au v. Alama ya kasra ni i au e, na ya dhuma ni u au o. Kwa hivyo huwezi kusoma mpaka uwe unalijua neno kabla ya kulisoma.

Sababu ya pili ni lahaja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kusanifisha ikaanza kazi mwaka 1930. Kimvita, Kiamu na Kipate vikabaki majumbani. Tangu hapo mtoto wa Mji wa Kale akiandika "mato" badala ya "macho", au "ndia" badala ya "njia", hupigwa mstari mwekundu. Nami nimeipiga mistari hiyo kwa mkono wangu. Kumbe tungo kubwa tunazojivunia zilitungwa kwa lahaja hizo hizo.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma. Karatasi zetu nyingi zimeshahama. Nakala kongwe ya Utendi wa Tambuka, kazi ya Bwana Mwengo wa Pate ya mwaka 1728, iko Hamburg, Ujerumani. SOAS ya London ina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili iliyopitia mikononi mwa watu kama William Taylor, Alice Werner na William Hichens. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina hazina iliyokusanywa na J.W.T. Allen, na angalau hiyo iko karibu.

Sisemi wote waliozichukua walikuwa wezi. Mashairi ya Muyaka bin Haji huenda yangepotea lau si Mwalimu Sikujua wa Mombasa kuyakusanya pamoja na Taylor. Lakini tazameni: aliyeyajua maneno alikuwa Mwalimu Sikujua. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa alikwenda London akawa hoja ya watafiti pale SOAS. Abdilatif Abdalla alisomesha Leipzig miaka mingi. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa mlango wa wageni wengi waliotaka kuelewa tenzi. Kila mara elimu ilikuwa kwetu na shahada ikawa kwa wengine. Na masheikh hao wanazidi kututoka.

Kwa hiyo kijana wa Lamu, Siu, Faza au Vanga anapoingia darasa la uzamili, haendi mikono mitupu. Ana lahaja, ana nyanya na shangazi wa kuwauliza. Anachokosa ni mbinu: jinsi ya kulinganisha nakala mbili za utendi mmoja, jinsi ya kurekodi sauti na kuihifadhi, jinsi ya kutoa maelezo yanayokubalika na msomaji wa popote. Hayo ndiyo ninayofunzwa.

Na kula je? Sitawadanganya kuwa kuna utajiri. Lakini kuna kazi za ualimu wa vyuo, uhariri, utafsiri, ukalimani na utangazaji. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari 2022, na mikutano inahitaji wakalimani. Vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya vinasomesha Kiswahili na huhitaji walimu. Mwenye shahada ya juu hutangulia kwenye foleni hizo.

Nimalizie kwa kasha. Hatukuuza. Tulipiga picha kila ukurasa, na shangazi nikamrekodi akiusoma utendi mzima kwa sauti ya mamake. Nilipomsomea rasimu yangu, nilikuwa nimefasiri "akateka" kuwa mtu amemteka mwenziwe. Shangazi akaangua kicheko. "Ndivyo alivyofanya huyo," akasema. "Ameteka, kwa meno!" Kwetu kuteka ni kucheka. Neno moja, na kisa kizima nilikuwa nimekigeuza vita.

Ningekwenda kuchapisha kosa hilo, na baada ya miaka hamsini lingekuwa ndiyo kweli.

Basi mwenye karatasi kama hizi nyumbani, kabla hujauza, piga picha kila ukurasa na umrekodi mzee anayezijua. Maandishi ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yalipigwa picha kupitia mradi wa British Library na karatasi zenyewe zikabaki Lamu, kwa hivyo inawezekana. Na mwenye kijana aliyemaliza digrii ya Kiswahili na anaona haya kuitaja, mwambieni arudi darasani, lakini aanze kwa kukaa na shangazi yake. Paa letu bado linavuja mvua ya masika ikija. Tunaweka ndoo chini, na kasha tumelipandisha juu ya meza.