Kujifunza Kusikokwisha (2): Mzinga Nyuma ya Mlango

Wiki iliyopita makala haya yalieleza jinsi hamu ya elimu inavyoweza kugeuka maficho. Leo yanapanda hadi Murungu, kwenye miinuko ya Kibondo na Kasulu, ambako nyuki wa miombo huwapa wengi riziki.

Chukulia kijana wa huko anayetaka kufuga nyuki. Madaftari yake manne yamejaa. Anajua kwamba Langstroth, mchungaji wa Marekani, ndiye aliyebuni mzinga wa fremu zinazochomolewa katika miaka ya 1850. Anajua pia kwamba nyuki huacha wazi njia ya milimita 6 hadi 9 tu, ikizidi huijenga masega, ikipungua huiziba kwa gundi. Yakitangazwa mafunzo, yumo. Vyeti amevipanga kwenye jalada la plastiki. Mzinga aliopewa siku ya kwanza ya mafunzo ungali nyuma ya mlango, umewekewa ndoo ya maji juu yake, na yeye hajawahi kuumwa na nyuki hata mmoja.

Si mvivu. Anayelala mchana husutwa na majirani, anayesoma husifiwa, ndiyo maana ugonjwa huu wa kusoma bila kutenda hautambuliki upesi. Kumbe ana hofu: mzinga ukitundikwa unaweza kukaa mtupu, na kila apitaye njiani ataujua utupu huo.

Akili nayo humlaghai. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Wengine waliirudia tena na tena. Wengine walijilazimisha kuikumbuka bila kuitazama. Waliorudia ndio waliojiamini zaidi. Baada ya wiki moja, ndio waliokumbuka kidogo.

Tanzania iliwahi kulikabili jambo hili la elimu isiyogusa kazi kwa amri. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alilalamikia shule zinazomtenga mtoto na kazi za kijiji chake. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala wakati huo, ikikutana Musoma, iliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja: kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazini. Shabaha ilikuwa njema, lakini amri ilikuwa pana mno; idadi ya wanawake chuoni ikashuka, ikabidi masharti yao yalegezwe.

Wala si kila asomaye bila kutenda anajificha. Wilayani Kasulu, kambi ya Nyarugusu imewahifadhi Wakongo tangu 1996. Watoto wao hufuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, wakiandaliwa kwa nchi ambayo wengine wao hawajaiona kwa macho. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mtu hatoki kambini bila kibali. Mama anayemaliza darasa la ushonaji na kuingia la Kiingereza hajayakimbia maisha. Yeye ndiye aliyezuiwa asiyafikie. Kumfananisha na yule kijana ni kumdhulumu.

Kijana wa mzinga hana lango lililofungwa. Warina asali wa kienyeji hupanda miti usiku, na chini huhitajika mtu wa kushika mwenge wa majani unaofuka moshi. Akiwashikia usiku mmoja tu, atarudi nyumbani na uvimbe mkononi na swali ambalo halimo katika madaftari yote manne.